Bastola Uliyoniomba Nikuchagulie

Rukia, mama,

Tangu Mwenyezi Mungu aanze kuumba mikono, hajaumba mkono mwepesi wa kuchomoa bastola kama huu unaoshika kalamu hii. Muulize yeyote pale Mombasa. Kabla wewe hujajua kufunga viatu vyako, babako alikuwa akipita barabarani hata paka wa sokoni wanajipanga foleni. Kiuno chembamba, masharubu mapya, chuma ubavuni. Wanaume walinisalimia mara mbili, mara ya kwanza kwa adabu na mara ya pili kwa wivu. Na haya nayasema mimi niliyetoka darasa la nane kwa kusukumwa mgongoni, kwa hivyo ukikuta maneno yamekaa upande, yanyooshe mwenyewe. Wewe ndiye uliyesoma.

Mamako amekupeleka Harrow ukawaage rafiki zake, na mimi nikasema mgongo unaniuma. Uongo, mgongo ni mzima. Nimebaki jikoni na kikombe cha chai kilichopoa, na sanduku lako liko ukumbini limejaa mpaka zipu inalalamika. Ndege zinapita juu ya paa kama kawaida yake, moja ikitoka nyingine inaingia. Kesho mchana mojawapo itakuwa yako. Mimi najua tumbo la kila ndege inayotoka hapa, nimeingia humo na mizigo ya watu miaka yote hii, nikainama, nikapanga, nikatoka, mlango ukafungwa, wao wakaenda. Supavaiza wangu anasema hakuna mtu anayepanga masanduku vizuri kama mimi. Kweli. Nimepakia dunia nzima, na mimi mwenyewe bado niko hapa Hounslow, London.

Mambo ya sweta, ya kula, ya kusali, ya kumpigia simu mama mdogo Zuhura ukitua, mamako atakuambia mpaka masikio yako yaombe talaka. Hayo siyagusi. Wewe mimi uliniuliza jambo moja tu, nikakwepa. Nataka nikujibu.

Jumapili ile ulikuwa umekaa hapa hapa, mguu juu ya kiti, simu mkononi. Ukaniita kwa Kiswahili, nikajua kuna jambo, kwa sababu Kiswahili chako huwa unakitoa siku za Idi na siku unapotaka kitu.

"Baba, hebu tazama. Ipi?"

"Ipi nini?"

"Bastola. Mume wa mama mdogo amenitumia picha tatu. Anasema manesi wengi kule ninakohamia wanazo, na nikishakuwa na kadi yangu ya ukaazi sheria inaniruhusu. Nitakuwa natoka shifti usiku, maegesho yako mbali."

Mamako akageuka na mwiko. "Bastola? Wewe ambaye mende wa bafuni unamwitia polisi?"

"Mende hana heshima, mama. Na Baba si alifukuza majambazi wawili peke yake? Damu yake hii hapa." Ukajipiga kifuani.

"Haya, muulize Kamanda wako," mamako akasema, akarudi kwenye sufuria.

Ukanisogezea simu. "Mimi naipenda hii ya tatu. Ya kizamani, ya chuma na mbao. Si ni kama ile yako? Na bei yake si mbaya. Lakini je, ni ya kuaminika?"

Nikasema tutaongea. Nikaenda kutoa takataka ambazo zilikuwa zimeshatolewa.

Sasa nisikilize. Kwa bastola mimi si mtu wa kubahatisha. Picha ya kwanza, ile nyeusi ya plastiki, ni nyepesi, inabeba risasi nyingi, haina sura. Ya pili ni rivolva, ile yenye gurudumu, fupi kama kidole cha mtu mnene. Ya tatu ni ya mtindo wa kizee: chuma kitupu, nyundo yake iko nyuma inaonekana, mbao pembeni. Umbo lake lina umri wa babu zetu. Kiwanda kilichoibuni kinaiuza ghali, lakini viwanda vya nchi nyingine vimeiiga na vinauza kwa nusu. Hiyo uliyoipenda ni ya kuigwa. Yangu pia ilikuwa ya kuigwa. Usione haya. Mtu wa mshahara mdogo haibebi bastola ya waziri.

Aliyeniuzia alikuwa sajini mstaafu wa polisi, akiitwa Mwero, mtu mkavu kama mkate wa jana. Niliingia dukani kwake nikiwa nimetuna.

"Nataka bastola."

"Mshipi wako uko wapi?"

"Mzee, nimekuja kununua bastola, si mshipi."

Akaniangalia kiunoni. "Hiyo kamba uliyofungia suruali haiwezi kubeba hata aibu yako. Bastola ya chuma itakuvua nguo mbele ya wakwe. Nenda kanunue mshipi mnene, kisha ala ya ngozi inayoikamata sawasawa, kisha urudi tuongee habari za chuma."

Nilirudi, mama. Na mambo mengine aliyoniambia nakupa bure, ingawa mimi niliyalipia kwa matusi. Alisema watu maskini hutumia fedha zote kwenye bastola, wakabaki hawana za risasi, wakaipamba kama bibi harusi na hawajawahi kuisikia ikilia. Nunua ya bei ya chini, hakuna ubaya, lakini ubaki na fedha ya kuipeleka uwanja wa shabaha uipige, uipige tena, kwa risasi zile zile utakazotembea nazo, mpaka ujue tabia yake. Ikikwama mara moja, itazame. Ikikwama tena, irudishe. Na ujue kwamba hizi za kizee zikikwama, mara nyingi kosa haliko kwenye bastola yenyewe, liko kwenye kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Kikasha kibovu, midomo yake ikipinda kidogo tu, risasi inaingia upande. Kwa hivyo punguza kwenye nakshi na mbao za kung'aa, ongeza kwenye vikasha vizuri na springi mpya. Mtu wa plastiki atakucheka kwamba yako ni nzito. Mwache. Uzito huo huo ndio unaoituliza mkononi inapolia.

Jambo la mwisho Sajini aliniambia huku amenishika kidole hiki cha shahada, kama mwalimu wa madrasa anayekuonyesha herufi.

"Hizi nyingine zina subira. Rivolva lazima uivute kwa nguvu. Ya plastiki ina mwendo kidogo kabla haijalia. Hii ya kizee ukiibeba inavyobebwa, nyundo iko nyuma tayari, kinachoizuia ni sefti tu, hiki kitufe cha kidole gumba. Ukishakishusha, kifyatulio chake ni chepesi. Ukifikiria, imeshalia."

"Basi hiyo ndiyo yangu," nikasema.

"Nilijua utasema hivyo," akasema Sajini, wala hakutabasamu.

Kwa hivyo ukiniuliza ya kuaminika, jibu ni ndiyo. Hiyo ya tatu, ikipata vikasha vizuri na mtu wa kuisafisha, haitakuangusha. Nimekujibu kwa haki. Ungekuwa mteja mwingine yeyote ningefunga barua hapa, nikadai soda.

Lakini wewe hukuniuliza kama mteja. Uliniuliza kwa sababu ya majambazi wawili.

Hebu kwanza nikuambie kubeba kulivyo, maana mume wa mama mdogo atakuonyesha picha, hatakuonyesha siku nzima. Unaivaa asubuhi kabla ya chai. Unajifunza kukaa upya. Sisi tunakula chini, sinia katikati, na mimi nilikuwa nakaa nimeegemea upande kama mgonjwa wa nyonga, mkono wa nyama haufiki, shangazi zangu wakafikiri nimeota kiburi. Msikitini sikuweza kuingia nayo, nikawa namwachia mamako, akawa anaishika na kitambaa cha sahani kama panya aliyekufa. Mpira wa Jumapili nikaacha. Siku ya Idi watu walinikumbatia, wakaigonga kwa mbavu zao, wakarudi nyuma hatua.  

Na wewe. Wewe nilikuwa nakubeba ubavu wa kushoto peke yake, kwa sababu wa kulia ulikuwa na mwenyewe. Ukazoea. Mamako akikuweka kulia kwake ulikuwa unalia mpaka unahamishwa. Watu walicheka wakasema mtoto huyu ana chama chake. Mimi pia nilicheka.

Tena kuna jambo ambalo Sajini hakuniambia, labda hakulijua, labda kila anayebeba analijua na hakuna anayelisema. Unaibeba siku moja, ya pili, mwezi, mwaka, na hakuna kinachotokea. Unashukuru Mungu. Halafu siku moja unajikuta umesimama mlangoni pa duka lako, unawatazama wapita njia, na shukrani imepungua. Unaona kama umenunua tiketi ya sinema na picha haianzi.

Aliyenijua wakati huo kuliko wote alikuwa Athmani. Wewe unamjua ni yule ami anayepiga simu kila Idi akauliza, "Daktari wetu hajambo?" ingawa nimemwambia mara elfu kwamba wewe ni nesi. Ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Alikuwa kinyozi, kibanda chake na duka langu la simu na kutuma pesa vilipakana mgongo kwa mgongo, pazia tu kati yetu. Na kwetu, mama, binamu si ndugu wa heshima, binamu ni mtani. Ana ruhusa ya kukuchezea atakavyo, nawe una ruhusa hiyo hiyo, na sheria ni moja tu: anayenuna ameshindwa.

Athmani hakuwahi kunishinda kwa nguvu, lakini kwa utani alikuwa shetani. Ijumaa moja alininyoa masharubu upande mmoja, adhana ikaanza, akakunja taulo.

"Upande wa pili njoo kesho. Leo nimechoka."

"Athmani, watu wanakwenda kuswali!"

"Basi swali umegeuza uso. Mungu anaona pande zote."

Mimi nikamlipa. Niliwaambia wateja wake wote kwamba amefunga kwa sababu ya chawa. Siku mbili hakunyoa hata mbuzi. Alipokuja kuniuliza alikuwa anacheka mpaka amejishika ukuta. Ndivyo tulivyoishi. Sijui kama nimepata kuwa na furaha nyingine ya namna ile, hapa ninapoishi watu wananiheshimu mno.

Bastola aliiita mke mdogo. "Leo mke mdogo amelala vizuri?" "Mke mdogo hataki kukaa chini kula na wenziwe?" Siku moja aliacha kucheka kidogo, akasema, "Wewe ulikuwa mtu. Sasa umekuwa askari wa benki, na benki yenyewe haipo." Nikacheka kwa nguvu, kwa sababu ya ile sheria. Lakini moyoni niliandika. Nilijua ninamdai moja kubwa.

Sasa ile hadithi. Unaijua kwa moyo. Mchana wa jua kali, mtaa umelala, majambazi wawili wameingia dukani kwa mlango wa nyuma. Athmani akasikia, akaja kunisaidia, wakampiga risasi ya mkono. Mimi nikachomoa, nikapiga moja hewani, wakatoka mbio mmoja ameacha kiatu. Kiatu nilikiongeza London. Nimeisimulia kwenye uwanja wa ndege, wakaanza kuniita Kamanda. Nimeisimulia kwenye harusi ya Ilford, sahani ya pilau mkononi, watu wazima wamenizunguka, nawe ulikuwa na vyuma vyako vya kunyoosha meno, umesimama mbele kabisa, unatangulia kusema maneno kabla yangu. "Sasa kiatu, Baba! Waambie kiatu!" Nilikuona umevimba kwa fahari nikasema, haya, humu siwezi kutoka tena. Mlango umefungwa kwa ndani na anayeuegemea ni mimi.

Rukia, hakukuwa na majambazi.

Keti kidogo. Umesoma sawa. Hakukuwa na mmoja, achilia mbali wawili. Aliyeingia kwa mlango wa nyuma ni Athmani mwenyewe. Alikuwa amejizungushia usoni taulo la kinyozi, ameacha macho, na chini ya kanzu ameisokomeza ile mashine yake ya kunyolea imesimama kama mtutu. Akanguruma kwa sauti ya kwenye pipa, "Pesa zote juu ya meza! Na simu! Na mke mdogo!" Mimi nikachomoa. Ikalia. Mashine ya kunyolea ikaruka, na nusu ya kiganja chake ikaenda nayo.

Alikaa chini sakafuni akajitazama mkono kama mtu aliyepewa wa mwenzake. Watu walikuwa wameshaanza kukimbilia, nasikia viatu nje. Mimi nimesimama tu, yule mwenye mkono mwepesi. Ni yeye aliyevua taulo usoni, akalifunga mkononi, akapiga kelele, "Majambazi! Wamepita kule! Kule!" Watu wakafuata kidole chake kwenda kusikokuwa na mtu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa shujaa, mama. Athmani alinitengeneza akiwa anavuja damu.

Hospitali nilikaa kitandani kwake, sikujua pa kuweka macho.

"Uliogopa," akaniambia. "Mimi mjinga, nilikutisha. Mtu aliyeogopa halaumiwi."

"Athmani..."

"Usiseme kitu. Watakunyang'anya leseni, watakufunga, mtoto wako mdogo. Majambazi walikuwa wawili. Mmoja mrefu."

Hata mrefu ni wake. Mimi nimeongeza kiatu tu.

Vidole viwili havikufunguka tena. Wembe haushikiki kwa vidole vitatu, si kwenye shingo ya mtu. Akauza viti, akauza kioo kile kirefu, siku hizi anauza maji ya mitungi, mtoto wa jirani anamnyanyulia. Mimi bastola niliirudisha kwa polisi nikasema mke wangu anaiogopa. Lakini si mkono ule ulionitoa kwetu. Nilipokuwa nikipita kibandani kwake baada ya hapo, alikuwa anasimama. Anafuta kiti kilichobaki kwa mkono mzima, ananiambia, "Karibu, bwana. Keti, bwana." Bwana! Athmani! Nilimtania, akatabasamu kwa adabu. Nilimwambia masharubu yangu yamekosa upande, akasema, "La, yako sawa." Mtani akianza kukupa heshima hakuna pa kumshtaki. Mamako alipopata kazi ya unesi huku alifikiri nimekubali upesi kwa sababu ya mapenzi. Mapenzi yapo. Lakini nilikuwa natoroka kiti kilichofutwa.

Na huku nikafika nikaona nimetoroka chumba nikaingia kabati. Kila mwaka unaniuliza mbona hatuendi nyumbani, nasema nauli, nasema likizo, nasema mwakani. Mpakiaji wa ndege zote hana ndege. Sasa unajua. Siwezi kwenda kukaa mbele ya mtu yule, watoto wa mtaa wakaja kunitazama mimi, naye yuko pembeni anahakikisha chai yangu haijapoa. Wala siwezi kusema kweli kule bila kumfanya mwongo mbele ya polisi, yeye aliyedanganya kwa ajili yangu. Na huku siwezi kuisema bila wewe kuisikia. Basi nimekaa katikati, napanga masanduku.

Sikukatazi kununua. Sina uso wa kukukataza kitu, na giza la maegesho ya kule silijui, wewe ndiye utakayetembea ndani yake. Yapo mambo ya kweli ya kuogopa duniani. Kama utakwenda dukani kwa sababu ya giza, nenda, na mshipi ununue kwanza. Lakini usiende kwa sababu ya damu yangu. Nakujua. Wewe una mdomo wangu. Wewe ndiye uliyejificha ndani ya kabati la nguo siku nzima ya Idi ili umtoe roho mamako, na alipopiga yowe ulianguka chini kwa kicheko. Wewe kazini kwako ulimfunika mwenzako shuka kama maiti ukamwita daktari mpya. Ulinisimulia tukacheka sote hapa jikoni mpaka chai ikamwagika, na usiku ule ule nilikaa macho, mamako akadhani ni gesi tumboni.

Kwa sababu bado hujajua. Nimekuandikia habari ya majambazi, nikadhani ikitoka hiyo nitapumua. Sijapumua. Nimekaa hapa mbele ya karatasi, ndege nne au tano zimepita, na nyinyi mko njiani mnarudi.

Athmani mpaka leo anaamini niliogopa. Alinipa maneno hayo hospitali kama mtu anavyompa mwenzake shati lake, nami nikayavaa. Alinisamehe uoga. Kwa uoga ule aliuza viti vyake na hakuwahi kunisema kwa mtu.

Mama, nilimjua. Kandambili yake ya kushoto alikuwa anaiburuta, nilimsikia kabla hajafika kwenye pazia. Nilisikia harufu ya ile spiriti ya kinyozi. Sauti ya kwenye pipa niliijua tangu tukiwa watoto, ndiyo sauti aliyokuwa akimtishia nayo shangazi. Alipotokeza na taulo lake, nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Nitachomoa upesi kuliko alivyowahi kuona, nimwelekezee, ajikojolee, avue taulo anililie, nami nitaisimulia mpaka nizeeke. Kidole gumba kikashusha sefti chenyewe kwa mazoea, na hiki cha shahada kikaingia mahali pake. Sikuogopa hata chembe. Ilipolia, nilikuwa nacheka.

Babako